Vipindi vitatu, piramidi moja: nimuamini nani?

Swali nililotumiwa nalifupisha: "Shikamoo mwalimu. Mimi na mzee wangu tunapenda sana vipindi vya historia kwenye TV. Ndani ya mwezi mmoja tumeangalia vitatu vya piramidi za Giza. Cha kwanza kinasema zilijengwa na watumwa wanachapwa mijeledi, cha pili kinasema ni wafanyakazi wa kulipwa, cha tatu kinasema binadamu wa wakati ule wasingeweza, lazima kuna viumbe waliwasaidia. Vyote vina wasomi wanaongea kwa kujiamini. Mzee anasema tuachane na TV turudi kwenye vitabu vya watu wa kale maana wao walikuwepo. Nimuamini nani, na hao wa kale nao tutajuaje kama hawakudanganya?"

Marahaba mwanangu, na mzee nifikishie salamu zangu. Nianze na hoja yake maana ni nzito na watu wengi wanafikiri kama yeye, hata mimi kabla sijaanza kufundisha historia nilifikiri hivyohivyo.

Ile habari ya watu laki moja kujenga piramidi, ambayo karibu kila kipindi kinaitaja, inatoka kwa Herodotus, Mgiriki aliyefika Misri karne ya 5 KK akaandika aliyoyaona na aliyoyasikia. Sasa chukueni kalamu mpige hesabu. Piramidi kubwa ni ya mfalme Khufu, karne ya 26 KK. Kati ya Khufu na Herodotus imepita miaka kama 2,100. Kati ya Herodotus na sisi ni kama 2,400 na ushee. Yaani huyu "aliyekuwepo" hakuwepo hata kidogo, alikuwa mgeni anatembezwa kwenye jengo la kale, anasimuliwa na makuhani na wakalimani, lugha yenyewe haisomi. Kuna sehemu anasema piramidi iliandikwa gharama za figili, vitunguu na vitunguu saumu walivyokula wajenzi, talanta 1,600 za fedha, na mwenyewe anakiri kwamba ni mkalimani ndiye aliyemsomea. Mbele kidogo anaandika Khufu alipoishiwa hela alimuweka binti yake mwenyewe danguroni. Unaona kabisa hapo amehama kwenye kumbukumbu ameingia kwenye maneno ya barazani.

Ila simlaumu, na naomba mzee asimdharau. Herodotus kwenye kitabu chake cha saba anasema wazi kwamba kazi yake ni kueleza yanayosemwa, lakini halazimiki kuyaamini yote. Na tena hakuandika watumwa! Aliandika kwamba Khufu aliwalazimisha Wamisri wote wamfanyie kazi, kwa zamu za miezi mitatu mitatu. Watumwa na mijeledi vimeongezwa na watu wa baadae sana, wachoraji, wahubiri, watu wa sinema. Kwa hiyo kipindi chenu cha kwanza kimechukua namba ya Herodotus, kikaacha tahadhari yake, kikaongeza mijeledi, halafu msimulizi mwenye sauti nzito akasema "kwa mujibu wa vyanzo vya kale". Hiyo sentensi ukiisikia kaa macho, chanzo cha kale kina jina, kina mwaka, na kinakuwa karibu au mbali na tukio lenyewe, sasa asiyetaka kukutajia jina ana sababu yake.

Je kuna aliyekuwepo kweli? Yupo, na huyu ndiye nataka nikae naye kidogo maana kila nikimfundisha nasisimka upya. Mwaka 2013 timu ya Mfaransa Pierre Tallet ilikuwa inachimba Wadi al-Jarf, pwani ya Bahari ya Shamu, palikuwa na bandari enzi za Khufu. Wakakuta vipande vya mafunjo, yaani karatasi za kale za Misri, vyenye wino, na mpaka leo hayo ndo mafunjo ya zamani kuliko yote yenye maandishi yaliyowahi kupatikana. Kati yake kuna daftari la kazi la mtu anaitwa Merer, msimamizi wa kundi la mabaharia. Ukiliangalia limepigwa mistari kama rejista ya darasa, juu siku, chini ya kila siku safu mbili za maandishi, siku inafuata siku. Yaliyomo kwa maneno yangu ni hivi (Tura ni machimbo ya mawe): leo tumeshinda Tura na watu wangu tunapakia mawe, tumelala Tura. Siku nyingine, tumeondoka Tura na mzigo, tumelala njiani. Siku nyingine, tumefika Giza, tumeshusha. Safari mbili tatu kila siku kumi, mawe meupe ya chokaa yanavuka na mashua kwenda kwenye piramidi ya Khufu. Anamtaja na mkubwa wa kazi, Ankhhaf, ndugu yake Khufu kwa baba.

Basi. Hakuna sifa wala ushujaa, na wala hakuna kinachotisha. Merer hakuandika ili mimi na wewe tumsome, aliandika ili kazi ihesabike, na pamoja na daftari lake zilikutwa hesabu za chakula kilicholetwa kwa vikundi. Ndo maana namuamini kuliko Herodotus kwenye hili la piramidi. Hakuwa na sababu ya kunidanganya mimi, labda ya kumdanganya bosi wake idadi ya safari, hilo sikatai, lakini kwamba mashua zilikuwepo na mawe yalitoka Tura hakuwa na faida yoyote kulitunga.

Sasa ukiwa na Merer mkononi virudie vile vipindi vyenu.

Cha pili, cha wafanyakazi wa kulipwa, kiko karibu zaidi na ushahidi. Mark Lehner na Zahi Hawass wamechimba pale Giza wakakuta mji wa wafanyakazi, mahali pa kuoka mikate, mifupa mingi ya ng'ombe, kondoo na mbuzi walioliwa, na makaburi ya wafanyakazi pembeni kabisa ya piramidi. Mifupa mingine ya watu ilivunjika ikaunga vizuri, maana yake kuna mtu aliwafunga mivunjiko na kuwauguza. Mtu wa kuchapwa hadi afe hatendewi hivyo wala hazikwi jirani na mfalme. Lakini hilo neno "kulipwa" nalo lina mtego. Misri ya Khufu haikuwa na sarafu, sarafu zimekuja karibu miaka 2,000 baadae. Watu walipewa posho ya chakula na nguo, na wengi huenda waliitwa kazini na dola kwa zamu, hawakuomba ajira. Si mtumwa wa mjeledi na si mfanyakazi wa mkataba, ni kitu cha katikati ambacho sisi hatuna mfano wake mzuri. Niliwahi kuangalia kipindi kizuri tu kwenye mambo mengine, mwigizaji anayecheza mjenzi akaonyeshwa anapokea sarafu kiganjani anatabasamu, nikasikitika sana, maana picha ile moja itakaa kichwani kwa mtazamaji kuliko maelezo yote ya profesa aliyefuata.

Na hapa ndo penye shina la jibu langu. Mimi nikiandika naweza kusema labda. Naweza kuandika "hatujui walivaa nini" na sentensi ikasimama. Kamera haiwezi. Kamera haipigi picha ya "hatujui". Mwigizaji lazima avae kitu, lazima awe na rangi fulani ya ngozi na umri fulani, ama anacheka ama analia, msimamizi ama ana mjeledi mkononi ama hana. Kila mahali chanzo kiliponyamaza, TV inalazimika kusema kitu, na inakisema kwa sauti ileile na mwanga uleule iliotumia kusema kile tunachokijua. Wala si lazima prodyuza awe muongo, wengi niliokutana nao ni watu wanaojali kazi yao, ni chombo chenyewe ndo kilivyo. Kwa hiyo swali la kujiuliza ukiwa kwenye kochi si "je hiki kipindi ni cha kweli", maana hilo halina jibu, kipindi kimoja kinaweza kuwa na sentensi ya kweli kabisa ikifuatiwa na ya kubuni kabisa. Uliza sentensi moja moja: hili wamelijuaje?

Kipindi cha tatu kinaishi kwenye ule ukimya. Merer hasemi mawe yalipandishwaje juu, na mpaka leo wataalamu wanabishana kuhusu umbo la njia za kupandishia. Ukimya huo ni wa kweli na sitaki kuuficha. Ila angalieni kinachofanywa nao. Msimulizi hasemi "viumbe walijenga", anauliza "je, inawezekana kwamba…?" na swali halina kosa, huwezi kumkamata mtu kwa kuuliza. Anauliza swali la kwanza, baada ya matangazo analichukua kama limeshajibiwa, anajengea la pili juu yake. Na wakati wote huo mji wa wafanyakazi hautajwi, makaburi hayatajwi, Merer hatajwi. Kwangu mimi hicho ndo kipimo cha haraka kuliko vyote, je kipindi kimenionyesha ushahidi unaokipinga? Mtafiti wa kweli hukuonyesha pale anapoumia. Asiyekuonyesha hata kidonda kimoja anakuuzia kitu.

Umesema vyote vina wasomi. Hili naliongelea kwa uchungu kidogo kwasababu limenikuta. Niliwahi kuhojiwa kwa ajili ya kipindi fulani, tukakaa mbele ya kamera masaa mawili, nikaeleza kwa nini barua moja maarufu inatiliwa shaka, wanaoikubali wanasema hivi, wanaoikataa wanasema hivi, mimi naegemea upande huu ila siwezi kuapa. Kipindi kilipotoka nilikuwepo sekunde kama arobaini. Maneno yalikuwa yangu, hayakubadilishwa hata moja, ila walikata kuanzia "naegemea upande huu" wakaishia kabla ya "ila". Wanafunzi wangu waliniuliza mbona umesema kwa uhakika vile na sikuwa na la kuwajibu zaidi ya kuwaeleza jinsi uhariri unavyofanya kazi. Kwa hiyo mkimuona msomi anasema kitu kifupi sana na cha uhakika sana, angalia picha inapohama kutoka usoni kwake kwenda kwenye mandhari au mikono yake huku sauti yake inaendelea, mara nyingi hapo ndipo pameungwa, kuna kitu kimetolewa. Kinaweza kuwa kikohozi tu, au kinaweza kuwa ile "ila".

Halafu kuna wasomi wanaokosea kweli. Mwaka 1983 gazeti la Stern la Ujerumani lilitangaza limepata shajara za Hitler, madaftari kama 60, walilipia marka milioni 9 na ushee. Mwanahistoria mkubwa wa Uingereza, Hugh Trevor-Roper, akasema ni za kweli, baadae akaanza kuwa na shaka lakini gari lilishaondoka. Wataalamu wa miandiko nao walisema mwandiko ni wenyewe. Unajua kwa nini? Sampuli walizopewa kulinganisha, ambazo waliambiwa ni mwandiko halisi wa Hitler, nyingine zilikuwa zimeghushiwa na mtu yuleyule aliyeghushi shajara, Konrad Kujau. Walikuwa wanamlinganisha Kujau na Kujau, lazima wafanane! Waliokata mzizi wa fitina ni watu wa hifadhi ya nyaraka ya taifa na maabara zao, walikuta karatasi ina kemikali ya kung'arisha weupe ambayo ilianza kutumika baada ya vita. Na Kujau alinakili mambo mengi kutoka kwenye kitabu cha hotuba za Hitler, makosa ya kitabu yakaonekana kwenye shajara vilevile yalivyo. Ukisikia kipindi kinasema "wataalamu wamethibitisha", uliza wamethibitisha nini, kwa kulinganisha na nini, na waliruhusiwa kukishika kwa muda gani. Trevor-Roper aliharakishwa, na alikuwa anasoma lundo la madaftari akastaajabishwa na wingi wake, nani angehangaika kughushi vyote hivi? Wingi ukamzidi nguvu.

Turudi kwa mzee, nadhani sasa atasema sawa Herodotus hakuwepo, lakini kilichochongwa kwenye jiwe na wenyewe waliopigana je? Mzee, nakuletea Ramesses wa Pili, mfalme wa Misri. Mwaka 1274 KK hivi alipigana na Wahiti sehemu inaitwa Kadesh. Aliporudi alichonga habari ya vita hiyo kwenye kuta za mahekalu, Abu Simbel, Luxor, Karnak, na kwingine, mkubwa yeye kwenye gari lake la farasi, jeshi limemkimbia, kabaki peke yake katikati ya magari 2,500 ya adui, anawafyeka. Kwa muda mrefu hiyo ndo ilikuwa habari yenyewe. Mpaka mwaka 1906 Mjerumani Hugo Winckler alipoanza kuchimba Hattusa, mji mkuu wa Wahiti, ambao uko Uturuki ya leo, akakuta vibao vya udongo kwa maelfu. Ukisoma upande wa pili, Kadesh ilibaki mikononi mwa Wahiti. Na miaka kama 15 baada ya vita wakafunga mkataba wa amani, tunazo nakala za pande zote mbili, na hapa ndo utamu, nakala ya Misri inasema Wahiti ndo walikuja kuomba amani, nakala ya Wahiti inasema ombi lilikuwa la Ramesses. Mkataba mmoja, tukio moja, serikali mbili zilizokuwepo, kila moja inawaambia watu wake mwenzetu ndo kapiga magoti.

Sasa je Ramesses ni chanzo kibovu tumtupe? Hapana! Ni chanzo kizuri mno, ila si cha kutuambia nani kashinda. Kinatuambia mfalme wa Misri alitaka kuonekanaje, alihitaji watu waamini nini, gari la vita lilichorwaje. Hili ndilo wanafunzi wangu huwa linawachukua muda kulimeza, kwamba chanzo hakiwi cha kuaminika au cha kutoaminika hivihivi tu, kinaaminika kwa swali fulani. Merer namuamini kuhusu mashua, simuulizi kuhusu dini. Ramesses namuamini kuhusu majivuno, simuulizi matokeo.

Hata aliyekuwepo kwa macho yake, bila kutaka ufalme wala sifa, anaweza kukosea. Meli ya Titanic ilipozama Aprili 1912, kulikuwa na boti ndogo imepinduka, boti B, watu wamesimama na kulala juu ya tumbo lake usiku kucha. Kati yao alikuwepo Lightoller, ofisa mwenye cheo cha juu kuliko wote walionusurika, na kijana wa miaka 17 anaitwa Jack Thayer. Lightoller alisema meli ilizama ikiwa nzima. Thayer alisema aliona imepasuka. Boti moja, usiku mmoja. Tume za uchunguzi za mwaka huo, ya Marekani na ya Uingereza, ziliwasikia mashahidi wengi, wapo kadhaa waliosema imekatika, lakini hitimisho likawa ilizama nzima, na kwa miaka zaidi ya 70 vitabu na sinema vikafuata hivyo. Septemba 1985 Robert Ballard na wenzake wa Ufaransa wakaikuta chini, kama mita 3,800, imekatika vipande viwili, kimoja kiko kama mita 600 kutoka kwa mwenzake. Kijana alikuwa sahihi. Si kwamba Lightoller alikuwa muongo, taa zilishazimika, giza, baridi, mtu anapigania roho yake, kila mmoja anaona kipande. Kosa lilikuwa la wasomaji, kupima ushahidi kwa cheo cha aliyeusema. TV inalirudia kosa hilo kila siku, mwenye wadhifa anawekwa mwisho ili aonekane amefunga mjadala.

Sitaki nimalize bila kugusa zile picha za video za zamani, nyeusi na nyeupe, maana hizo ndo zinawashinda watu kabisa, mtu anakwambia "nimeona kwa macho yangu". Mwaka 1916 Waingereza walitoa filamu ya vita ya Somme, ikaangaliwa na mamilioni ndani ya wiki chache tu. Ndani yake kuna kipande askari wanapanda kutoka kwenye handaki kwenda kushambulia, wawili wanaporomoka kama wamepigwa risasi. Umeshakiona, hata kama hujui jina lake, maana kila kipindi cha Vita vya Kwanza vya Dunia kinakitumia. Kiliigizwa. Kilipigwa nyuma ya mstari wa vita, kwenye shule ya mafunzo ya mizinga midogo. Sehemu nyingine nyingi za filamu hiyohiyo ni za kweli, majeruhi wale ni majeruhi kweli, nyuso zile ni za watu ambao wengine hawakurudi, na hilo ndo linalofanya mambo yawe magumu, cha kweli na cha kuigiza vimeshonwa kwenye utepe mmoja. Vivyo hivyo kuvamiwa kwa Ikulu ya Majira ya Baridi kule Urusi wakati wa mapinduzi ya mwaka 1917, umati unakimbia kwenye lango, picha hizo zimetoka kwenye filamu ya mwongozaji Eisenstein ya mwaka 1928, iliyotengenezwa kuadhimisha miaka 10. Usiku wenyewe hakuna aliyekuwa na kamera pale, na uvamizi haukuwa wa umati mkubwa namna ile. Lakini picha zake zimeshachapishwa mara nyingi kama picha za tukio.

Kwa hiyo jizoezeni kuuliza aliyeshika kamera alisimama wapi. Kama askari wanakimbilia kamera huku risasi zinarindima, basi mpiga picha yuko upande wa adui, kafikaje? Na hizo risasi zenyewe, filamu za wakati ule zilikuwa bubu, kila mlio unaousikia, buti kwenye tope, farasi, bomu, umetiwa studio miaka mingi baadae. Rangi nayo siku hizi inatiwa na kompyuta. Sipingi kutiwa rangi, wanafunzi wanazipenda na zinawaleta karibu, ila rangi ya koti la yule askari mara nyingine ni kubahatisha, na hakuna maandishi chini ya skrini yanayosema tumebahatisha.

Kuna upande mmoja mzee wako nampa ushindi, na nampa kwa moyo wote. Watu wa TV na hata sisi wasomi tumedharau sana simulizi za mdomo, tukaona kisichoandikwa si chanzo. Mwaka 1845 meli mbili za Uingereza, Erebus na Terror, na watu 129 chini ya John Franklin, ziliingia barafu ya kaskazini ya Kanada na kupotea. Mwaka 1854 mpelelezi wa maeneo hayo, John Rae, alisikia kwa Wainuit, wenyeji wa kule, kwamba wale wazungu walikufa njaa na mwishoni wakala maiti za wenzao, na walimuuzia vijiko na uma za fedha zenye alama za maofisa. London ilikasirika, mwandishi wa riwaya Charles Dickens akaandika kuwatukana Wainuit, hawa ni washenzi hawaaminiki, waungwana wetu hawawezi. Mifupa iliyokuja kupimwa karne ya 20 ina alama za visu. Na meli? Erebus ilipatikana mwaka 2014 eneo ambalo simulizi za Wainuit zilikuwa zikilitaja miaka yote, na Terror mwaka 2016 baada ya Muinuit mmoja kuwaelekeza watafutaji. Angalia lakini Rae alifanya nini, hakuandika tu "wenyeji wanasema", aliuliza wewe uliona au uliambiwa, akaandika kwamba waliomsimulia hawakuona wenyewe, waliambiwa na waliopita pale, na akaomba vitu vya kushika mkononi. Simulizi inapimwa vilevile kama karatasi inavyopimwa: imetoka kwa nani, imepita kwa nani, na kuna nini kingine kinachokutana nayo bila kujuana.

Hicho cha kutojuana mkishike. Merer alikufa miaka zaidi ya 4,500 iliyopita na Lehner alianza kuchimba Giza kabla Merer hajafukuliwa, hawa wawili hawakupanga waseme kitu kimoja, na wamesema kitu kimoja, watu waliopangwa vikundi, wanaolishwa, wanaoandikwa kwenye daftari. Vitabu kumi vikimnukuu Herodotus ni Herodotus mmoja tu kavaa nguo kumi.

Msiache kuangalia TV nawaomba, mimi mwenyewe naangalia, na wapo watazamaji wengi tu walioipenda historia kwasababu ya kipindi kibaya kilichowafanya watafute kizuri. Mkikaa tena na mzee wekeni daftari mezani, anayeshika rimoti asimamishe kila mara msimulizi anapotaja namba au anapoanza na "inasemekana", muandike amelijuaje, kama hajasema muache wazi. Na kile cha kwanza cha mijeledi kikirudiwa, kiangalieni upya chote, muandike ni mara ngapi mjeledi unaonekana na ni mara ngapi jina la chanzo linatajwa, halafu mtafute picha za yale mafunjo ya Merer mtandaoni, yaliwekwa kwenye maonyesho kwenye jumba la makumbusho la Cairo mwaka 2016 na picha zake zipo, mzee aone ile mistari ya rejista kwa macho yake. Mkimaliza niandikieni mmepata nini.